Mguu Unaosubiri Gamba: Jinsi Nge Mjeledi Mzima Anavyojirudishia Kiungo

Anayefunua mawe kwenye mito ya Mlima Kenya, iwe Rupingazi upande wa Embu au Kathita upande wa Meru, huenda siku moja akakutana na kaa aliyepungukiwa mguu. Akimgeuza na kumtazama vizuri, pale mguu ulipokatikia anaweza kuona kichipukizi laini kilichojikunja ndani ya utando. Huo ndio mguu mpya. Uko nje, unaonekana, na kaa anatembea nao hadi siku atakapojivua gamba, ndipo unyooke. Kaa hao wa jenasi ya Potamonautes si wageni kwa wanasayansi: mwaka 2007 Michael Dobson pamoja na Adiel Magana, Jude Mathooko na mwenzao Ndegwa walichapisha utafiti kuhusu mtawanyiko na wingi wao katika mito inayoshuka kutoka mlima huo.

Nimeanza na kaa kwa sababu msomaji wa huku anamjua. Ninayetaka kumchambua leo ni ndugu yake wa mbali, nge mjeledi, anayefanya kazi ileile ya kuotesha mguu lakini kwa kuificha kabisa, hivi kwamba anayemfuga hana dalili ya kushika mpaka usiku wenyewe ufike.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani, maana jina hilo hubebwa na wanyama wawili, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumpotosha mfugaji wa mwingine. Wa kwanza ana mkia mrefu mwembamba, na akichokozwa hurusha asidi inayonuka siki. Afrika nzima ina spishi yake moja tu ya asili, Etienneus africanus, na makazi yake ni Afrika Magharibi, Senegal na majirani zake. Kenya hayupo. Wa pili hana mkia. Hana sumu, hana mwiba wa kudunga, wala hafumi utando. Mwili wake ni bapa, mikono yake ya mbele ina miiba ya kukamatia mawindo, na jozi ya kwanza ya miguu imegeuka kuwa mijeledi miwili mirefu ambayo haikanyagi chini kamwe. Kazi yake ni kupapasa na kunusa. Hutembea kwa miguu sita iliyobaki, na mara nyingi kiubavu. Huyu wa pili ndiye wetu. Spishi inayofahamika zaidi katika Afrika Mashariki ni Damon diadema, aliyeelezwa kisayansi na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1876. Huishi kwenye mapango, mashimo ya miti na chini ya magome, hasa ukanda wa pwani wa Kenya na Tanzania, na kwa miaka mingi amekuwa akifugwa ndani ya matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Waliotazama filamu ya Harry Potter ya mwaka 2005 walimwona mnyama wa kundi hili akiteswa kwa uchawi mbele ya darasa. Kwa sura anatisha. Kwa vitendo, anachoweza kumfanyia binadamu ni kumkwaruza tu.

Sasa jambo lenyewe. Nge mjeledi asiye na mkia hujivua gamba hata baada ya kukomaa na kuzaa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata.

Angalia jamaa zake. Nge wa kawaida, yule anayejificha chini ya mawe ya Mbeere na Tharaka, akishafikia utu uzima amefunga hesabu: gamba alilo nalo ndilo atakalofia nalo. Buibui wengi wanaofuma tando kwenye kona za nyumba wako hivyohivyo. Nge mjeledi mwenye mkia pia. Mguu ukimtoka mmoja wao utu uzimani, basi, umetoka. Amerika Kusini kuna nge wa jenasi ya Ananteris ambao, hasa madume, hukatika mkia ili kumponyoka adui. Watafiti walioeleza jambo hilo mwaka 2015 walionyesha kwamba mkia haurudi, na kwa kuwa njia ya haja iko mwishoni mwa mkia huo, mnyama huziba, akaendelea kuishi kwa miezi kadhaa huku uchafu ukimjaa tumboni. Hiyo ndiyo bei ya kupoteza kiungo kwa mnyama asiye na gamba jingine la kusubiri. Miongoni mwa jamaa hawa wa nchi kavu, anayemkaribia nge mjeledi wetu ni jike la buibui wakubwa wenye manyoya, ambaye naye huendelea kujivua gamba mpaka uzeeni.

Kwa nini mguu lazima usubiri gamba? Kwa sababu gamba la nje la mnyama huyu ni ngozi yake na mifupa yake kwa pamoja, na likishakauka halinyooki wala haliongezeki. Sisi mfupa hukua ndani ya nyama. Kwake nyama imefungiwa ndani ya mfupa. Kiungo kipya hakiwezi kuchomoza kwenye kidonda polepole, kwani kidonda chenyewe kimeshazibwa kwa kifuniko kigumu. Njia iliyobaki ni moja: kukijenga ndani, kikiwa kimekunjwa, kisha kukitoa siku ambayo nyumba nzima inabomolewa na kujengwa upya.

Kukatika kwenyewe kuna utaratibu. Mguu wa nge mjeledi haukatiki popote. Peter Weygoldt wa Freiburg, Ujerumani, aliyewafuga na kuwachunguza wanyama hawa kwa miaka mingi na kuandika kitabu kizima juu yao mwaka 2000, alieleza kwamba mguu huachia kwenye kiungo kimoja maalumu, kati ya goti na muundi. Goti lake ni fupi, na mahali hapo ndipo pameumbwa pa kukatikia. Ukimshika mguu ukavuta, au mwenzake akiuminya kwa mikono yenye miiba wakati wa ugomvi, mguu huachia hapo, damu inayotoka ni kidogo, na kisiki hujifunga. Damu yenyewe hutumia shaba kubeba oksijeni mahali ambapo yetu hutumia chuma. Mikono ya kukamatia haina utaratibu huo wa kujikata, kwa hiyo jeraha la mkono ni balaa kubwa kuliko la mguu, ingawa mfugaji mgeni hustushwa zaidi na mguu kwa sababu anauona umelala sakafuni.

Baada ya hapo huanza kipindi ambacho kwa nje hakuna linaloonekana. Ndani ya kisiki, seli zilizo karibu na jeraha hukusanyika na kugawanyika, zikajipanga upya kuwa misuli, neva na ngozi ya mguu mpya. Nafasi ni finyu sana. Kwa mguu wa kutembelea shida ni ya wastani, lakini fikiria mjeledi, ambao kwa Damon aliyekomaa ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake na umegawanyika katika pingili nyingi ndogondogo. Wote lazima ujengwe ndani ya kipande kifupi kilichobaki, ukijikunjakunja kama kanga iliyosukumizwa ndani ya bilauri. Ndiyo maana mjeledi wa kwanza kurudi huwa mfupi na mwembamba. Sababu yake ni nafasi: kisiki hakikuweza kubeba zaidi ya hapo.

Kuna jambo jingine ambalo macho ya kawaida hayalioni. Pingili za mguu uliorudi mara nyingi huwa chache kuliko za mguu wa asili, au zimegawanyika kwa mpangilio tofauti. Peter Igelmund alilichunguza hilo kwenye mijeledi ya spishi ya Amerika Kusini, Heterophrynus elaphus, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1987. Kwa mtu anayefuga, hilo si tatizo. Kwa mtaalamu anayetambua spishi kwa kuhesabu pingili za miguu ni mtego: akihesabu mguu mmoja tu, na mguu huo kumbe ni wa pili, anaweza kudhani amepata spishi mpya. Kwa hiyo huhesabu miguu ya pande zote mbili, na ikitofautiana huuamini ule wenye pingili nyingi. Mnyama huyu hubeba kumbukumbu ya ajali zake miguuni, na anayejua kuisoma huisoma.

Tufike usiku wa kujivua gamba. Siku au wiki kadhaa kabla, mnyama hukataa chakula. Tumbo limejaa, rangi imefifia, na hukaa mahali pamoja bila kusogea, kwa kawaida akiwa ananing'inia chini ya gome au kwenye dari la pango. Homoni za kundi la ekdisteroidi zimepanda mwilini. Ngozi hai imejibandua kutoka kwenye gamba la zamani na kuanza kutengeneza gamba jipya chini yake, laini na lenye mikunjo. Majimaji yenye vimeng'enya humeng'enya tabaka la ndani la gamba la zamani na kuirudisha mwilini malighafi inayoweza kutumika tena. Kinachobaki ni ganda jembamba lisilo na uhai ndani yake.

Kisha shinikizo la damu hupanda, ganda la mgongoni hufunguka, na mnyama huanza kushuka. Neno kushuka nimelikusudia. Nge mjeledi hujivua gamba akiwa kichwa chini, akitumia uzito wake mwenyewe kujichomoa. Ganda la zamani hubaki limeshika gome kwa kucha zake, na mwenyewe hutoka chini yake taratibu, akivuta miguu sita, mikono miwili na mijeledi yake mirefu kutoka kwenye vifuko vyake vya zamani. Hata utando wa ndani wa mapafu yake manne huvuliwa. Mguu uliokuwa umekunjwa ndani ya kisiki hutoka pamoja na mingine, damu ikausukuma ukanyooka, na kabla ya gamba jipya kukauka umeshapata umbo lake. Mnyama aliyetoka hapo ni mweupe wenye kijani hafifu na mikono yenye wekundu, na hulegea hivyo kwa saa nyingi kabla ya rangi na ugumu kurudi. Kwa maoni yangu hakuna mnyama wa kufugwa anayestahili kutazamwa usiku kucha kuliko huyu katika saa hizo, mradi mtazamaji asiwashe taa na asiguse kitu.

Hapa ndipo uchambuzi wa wafugaji wengi unapokosea. Huuliza: nimpe nini ili mguu urudi haraka? Hakuna dawa. Mguu hauna ratiba yake. Umefungwa kwenye ratiba ya gamba. Mtoto wa nge mjeledi hujivua gamba mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo hasara yake hufidiwa upesi. Mtu mzima hujivua takribani mara moja kwa mwaka. Jeraha likitokea mapema baada ya kujivua, seli zina miezi mingi ya kazi, na mguu utatoka safari inayofuata. Likitokea wakati gamba jipya limeshaanza kutandazwa, muda umekwisha: mnyama atajivua gamba na kisiki kitabaki kisiki, na mguu utasubiri zamu nyingine. Ukiongeza kwamba mguu wa kwanza kurudi huwa mdogo na huhitaji angalau zamu moja zaidi kukaribia kimo cha wenzake, unapata hesabu ya kweli: mtu mzima aliyepoteza mjeledi anaweza kuhitaji miaka miwili au zaidi kuurudisha vizuri. Kwa mnyama huyu, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha.

Na mjeledi si pambo. Eileen Hebets wa Chuo Kikuu cha Nebraska na wenzake, walipofanya kazi na nge mijeledi wa misitu ya Costa Rica, walionyesha kwamba mnyama aliyehamishwa mita kadhaa kutoka kwenye maficho yake usiku huweza kurudi, lakini akinyimwa hisia za ncha za mijeledi hupotea. Linda Rayor wa Cornell na Lisa Taylor nao waliandika mwaka 2006 kwamba kwa Damon diadema, huyuhuyu wa kwetu, mama na watoto wake hukaa pamoja kwa muda mrefu wakipapasana kwa mijeledi, tabia adimu miongoni mwa jamaa za nge na buibui. Mnyama asiye na mijeledi yote miwili ni kipofu, bubu na mpweke kwa wakati mmoja. Akibaki na mmoja hujimudu.

Jambo la kuudhi ni kwamba kitendo kilekile kinachorudisha miguu ndicho kinachoipora. Hewa ikiwa kavu mno, ganda la zamani hugoma kuachia. Mguu mrefu hunasa ndani ya kifuko chake, mnyama huvuta, hunasa zaidi, na mwisho hufanya alichoumbwa kufanya: huuachia kwenye goti na kujiokoa. Anatoka usiku huo akiwa na mguu mmoja mpya na mwingine umepotea. Hatari kubwa zaidi ni kuanguka. Tangi likiwa fupi, au gome likiwa jembamba na lenye kutikisika, mnyama laini huanguka sakafuni kabla ya kumaliza, na miguu hukauka ikiwa imepinda. Aliyekauka akiwa amepinda mara nyingi hafiki zamu nyingine. Tena kuna chakula: nyenje aliyeachwa ndani ya tangi usiku huo hubadilisha zamu na kuwa mlaji, akimtafuna mwenyeji asiyeweza kujitetea. Hasara nyingi zinazosemwa kuwa ni ugonjwa zina meno ya nyenje.

Kwa Meru na Embu hesabu ya mazingira ina ugumu wake. Mji wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Meru uko juu zaidi. Baridi ya Juni hadi Agosti, yenye mawingu na manyunyu, haimfai mnyama wa mapango ya pwani aliyezoea joto la nyuzi 24 hadi 28. Ukishuka Kiritiri, Kiambere au Tharaka unapata joto, lakini unapoteza unyevu kwa miezi mingi kati ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Yaani mlimani kuna unyevu bila joto, na nyikani kuna joto bila unyevu. Mwalimu wa biolojia au kituo cha utafiti chenye kibali ambacho kingetaka kumtunza huku kingelazimika kufidia kimojawapo. Kati ya hivyo viwili ningetilia mkazo unyevu, kwani baridi ya wastani humchelewesha mnyama, ilhali ukavu humnasa ndani ya gamba lake. Udongo wenye unyevu chini, upande mmoja wa tangi ukiachwa mkavu kidogo, maji ya kunywa, na hewa inayopita ili ukungu usiote. Gome liwe nene, lisimame wima au liiname, na chini yake kuwe na nafasi tupu inayozidi urefu wa mnyama akiwa amenyoosha miguu. Kipimo hiki ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na ndicho kinachoua kuliko vyote.

Baada ya kujivua, asilishwe kwa takribani wiki moja. Asishikwe kabisa. Na asije mtu akasikia kwamba baadhi ya kaa wa nchi kavu wakipoteza miguu mingi kwa mpigo huharakisha kujivua gamba, akadhani anaweza kumng'oa nge mjeledi mguu wa pili ili wa kwanza urudi upesi. Huo ni ukatili, na kwa mnyama huyu anayening'inia kwa miguu yake ili kuishi, kila mguu unaopungua unaongeza uwezekano wa kuanguka usiku wa gamba.

Limebaki suala la soko, kwa sababu miguu mingine haipotei porini wala kwenye ugomvi. Hupotea kwenye mikono ya wakusanyaji na ndani ya vikopo vya kusafirishia. Kwa muda mrefu Damon diadema waliofika Ulaya na Marekani walikuwa wakikamatwa porini Tanzania, hadi serikali ya nchi hiyo ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Zuio la aina hiyo husukuma wanunuzi kutazama nchi jirani. Kenya imeshaonja mambo hayo: Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na takribani sisimizi 5,000, wengi wao malkia wa spishi Messor cephalotes, na tarehe 7 Mei mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuwaacha kwa kuwa walichobeba ni wadudu.

Kwa hiyo kijana wa Meru au Embu atakayeahidiwa pesa ili akusanye nge, buibui au nge mijeledi kwenye mapango na magome, aanze na ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, aulize kibali. Na anayemtunza mnyama huyu kihalali, achukue rula leo apime nafasi iliyo chini ya gome.